Weka hilo jagi la maji chini kwanza

Mkuu, weka hilo jagi chini kwanza, maswali yako tutayajibu baadaye. Umeuliza mambo manne kuhusu jiko lako jipya la gesi lenye bamba la kukaangia katikati: upake mafuta gani, kama feni ya kuvuta moshi ni ya lazima, kwa nini swichi inataka kushikiliwa kwa sekunde kadhaa ndipo moto ukae, na kama uwashe moto mkubwa tangu mwanzo ili kuokoa muda. Lakini kilichonifanya niache shughuli zangu ni ile sentensi uliyoipitisha kama jambo dogo, kwamba ukimaliza kukaanga unamwaga maji baridi juu ya bamba likiwa bado la moto ili uchafu ubanduke wenyewe. Uchafu utabanduka, hilo sikatai. Bamba nalo litabanduka, vipande viwili.

Nilifanya vivyo hivyo, tena kwa kujiamini. Muuzaji wangu alinieleza, huku akilipapasa bamba kama mtu anayemsifia ng'ombe wake, kwamba wapishi wa hotelini humwaga maji, hata barafu, na mvuke ukishapanda uso wote unabaki safi. Ni kweli wako wanaofanya hivyo. Ambalo hakulisema, ama kwa kutojua ama kwa uchu wa kupokea pesa, ni kwamba mabamba mengi ya hotelini ni ya feleji, yaani chuma kinene chenye kaboni kidogo, ambacho kikishtuliwa na baridi huenda kikapinda kidogo tu, ilhali bamba langu lilikuwa la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, takribani asilimia 2 hadi 4, na kwa sababu hiyo ni kigumu lakini hakina subira: hakijui kupinda, kinajua kupasuka. Mtu anayelipwa kwa kuuza majiko alipaswa kuijua tofauti hiyo kabla ya kufungua mdomo.

Ubaya wake ni kwamba kwa wiki tatu mbinu ile ilifanya kazi. Maji yalichemka, mvuke ukapanda, nami nikawaonyesha wageni kana kwamba nimeigundua mimi. Siku yenyewe nilikuwa nimeacha vichomeo vyote viwili vya chini ya bamba vikiwaka kwa moto wa mwisho kwa zaidi ya dakika 20, kisha nikachukua maji kutoka kwenye jokofu, kwa kuwa mgongo wangu uliona uvivu kuinama kwenye ndoo. Nilisikia mlio mmoja mfupi, kama tawi kavu linapovunjwa gotini, na nikadhani ni sahani. Mvuke ulipotawanyika niliona mstari mwembamba kama unywele, ukianzia ukingo wa mbele na kuishia kwenye tundu la kutolea mafuta. Uso wa juu ulikuwa umepoa na kunywea ghafla wakati upande wa chini, uliotoka kupigwa na moto, ulikuwa bado umetanuka; pande mbili zikavutana, na chuma kikaachia.

Hapo mtu mwenye akili angelitoa bamba lile. Mimi niliendelea kulitumia kwa siku nyingine kumi, kwa hoja kwamba ufa ni mdogo na yai halipiti. Yai halikupita, mafuta yalipita. Yalidondoka kwenye kichomeo, yakashika moto, na ulimi wa moto ukachomoza katikati ya chakula. Mkono wangu, usioelimika, ukalifuata jagi lile lile. Mwenzangu alinipiga kikumbo, akazima gesi, akafunika bamba lote kwa sinia ya chuma mpaka moto ukafa kwa kukosa hewa. Maji yangezama chini ya mafuta yale, yakachemka papo hapo na kugeuka mvuke unaochukua nafasi karibu mara 1,700 ya ile ya maji, na mvuke huo ungeyarusha mafuta yanayowaka mpaka usoni mwangu.

Bamba la jiko lile haliuzwi peke yake, kwa sababu limeshikana na fremu. Waranti ilikataliwa, na kijitabu cha maelezo kilikuwa kimeonya waziwazi. Nilikuwa nimekisoma, ila kurasa zenye picha tu. Juu ya hayo, maji ya wiki tatu yalikuwa yamejaza kutu na masizi kwenye matundu ya kichomeo, moto ukawa wa njano badala ya buluu. Nikanunua jiko zima upya. Bamba la zamani sasa linazuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo, kazi ambayo linaifanya kwa uaminifu kuliko ile ya kukaanga.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii: maji hayagusi bamba mpaka mkono wako uweze kuligusa. Zima gesi, subiri, likwangue kwa kikwangulio bapa likiwa bado na uvuguvugu, futa mafuta kwa kitambaa kikavu, na ukiweza kuweka kiganja juu yake bila kushtuka ndipo ulete maji, tena ya uvuguvugu na kidogo, kwenye kitambaa, si kwenye jagi. Kisha likaushe kwa moto mdogo kwa dakika chache na ulipake mafuta membamba sana, kiasi kwamba ukilitazama unadhani umesahau kulipaka.

Moto mkubwa wa kuanzia nao ni mshtuko ule ule, ila umegeuzwa. Anza na moto mdogo kwa dakika 10 hadi 15, joto lisambae, ndipo uongeze. Swichi unaishikilia kwa sababu pembeni ya moto kuna ncha ndogo ya metali ambayo lazima ipate joto ndipo ishikilie vali ya gesi iwe wazi. Moto ukizimika, ncha inapoa na gesi inajifunga. Usiifunge swichi kwa utepe ili isikusumbue, kwani kuna mtu atakushauri hivyo, na huenda ni muuzaji wangu.

Kulikuwa na jambo lingine uliuliza, nadhani la moshi, wengine watakujibu. Mimi nataka kujua bamba lako ni la chuma cha kusubu au lina ule utando usioshika chakula, maana utando huo nao ukipita nyuzi 260 za selisiasi huanza kuharibika na kutoa mvuke mbaya, na habari ya kulipasha na kulipaka mafuta inabadilika kabisa. Liangalie likiwa limepoa, uniandikie hapa kabla hujawasha tena.