Mwanangu, dozi kupanda si kosa lako

Gungu, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Ulikuwa unachoma yuniti 32 za insulini kwa siku, sasa umefika 50 na kipimo cha sukari bado kinasoma 15. Daktari kakwambia mwili umeanza usugu wa insulini, nawe unauliza, "Mama, ndiyo nimehamia kisukari cha aina ya pili?"

Hapana, mama. Kongosho lako liliacha kutengeneza insulini ukiwa na miaka 9, na hilo liko vilevile. Kilichoongezeka ni kwamba insulini unayochoma inapiga hodi kwenye misuli na ini, inachelewa kufunguliwa. Wenye aina ya kwanza kama wewe nao hupata usugu huo, hasa mwili ukinenepa, na wewe tangu uanze kazi ya kukaa hapo Dodoma umenenepa. Gauni lako la Krismasi nililipanua kiunoni kwa mikono yangu. Malaria, kukosa usingizi, hata siku zako zikikaribia, mwili hukaidi zaidi.

Unakumbuka kidato cha pili? Dozi ilipanda mno, nikadhani unakula vitamu kwa siri. Nilikugombeza, nikapekua hadi begi lako la shule. Kumbe ni balehe, nayo huleta usugu huohuo. Hukuwa umekula kitu. Nisamehe, mwanangu, hilo sijawahi kukwambia.

Ila kabla ya kuongeza dozi tena, jipapase mapaja na tumbo. Kile kinundu cha paja la kushoto, kigumu kama kokwa ya mchikichi, kilitokana na kuchoma palepale kila siku kwa sababu hapaumi. Insulini ikiingia hapo hainyonywi vizuri, na mtu atasema mwili ndio sugu. Ukihamia pengine mwambie daktari kwanza, maana dozi ileile inaweza kukushusha sukari ghafla. Na chupa unaiweka wapi? Hapa tulikuwa na chungu chetu kwenye mchanga mbichi, nyuma ya mlango, na nikikifungua asubuhi mkono ulihisi ubaridi. Ofisini usiiache dirishani. Ikishafunguliwa, wiki 4 zikipita itupe hata kama imebaki nusu.

Jioni tembea baada ya kula, misuli ikifanya kazi hupokea sukari kwa urahisi. Pima kwanza, na uwe na kitu kitamu mfukoni. Daktari akikuongezea vidonge vya metformini, unameza huku unachoma. Yeyote atakayekwambia uache sindano unywe mizizi, awe hata shangazi yako, usimsikilize. Sukari ikipanda ukaanza kutapika, usingoje kuche, nenda hospitali.

Dagaa nimewapa watu wa basi, watafika Alhamisi. Jumapili nipigie ukiwa umeshapima, unisomee namba zote za wiki.

Mama yako