Usomeni Mstari wa Kadi ya Kliniki: Funzo la Daktari David Morley

Wazazi wengi huichukulia kadi ya kliniki kuwa kumbukumbu ya chanjo tu, na mtoto akishamaliza sindano zake, kadi huwekwa kabatini isitazamwe tena. Nimefanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya mama na mtoto kwa muda mrefu, na kila ninapoliona jambo hilo humkumbuka David Morley, daktari wa watoto kutoka Uingereza, ambaye alibuni kadi ya ukuaji ili mama mwenyewe aweze kulitambua tatizo kabla mtoto hajafikia kulazwa.

Morley, aliyezaliwa mwaka 1923, alifika Ilesha, magharibi mwa Nigeria, mwaka 1956, akafanya kazi katika hospitali ya misheni ya Wesley Guild. Watoto walikuwa wakifa kwa surua, kuhara na kifaduro, na waliokuwa wamekwisha kudhoofika kwa utapiamlo ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Hakuridhika kuwasubiri wodini. Katika kijiji cha Imesi-Ile, watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa na kupimwa uzito mara kwa mara, na mchoro wa uzito ukaonyesha kwamba utapiamlo huanza muda mrefu kabla ya miguu kuvimba au nywele kubadilika rangi: huanza pale mstari unapoacha kupanda. Kadi yenye mstari huo akamkabidhi mama aitunze nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, na kazi ya kliniki ya watoto wa chini ya miaka mitano akawaachia wauguzi. Kwa maoni yangu, uamuzi huo wa kumwamini mama na muuguzi ndio mchango wake mkubwa kuliko yote.

Aliporudi London alifundisha madaktari na wauguzi waliotoka nchi nyingi, na mwaka 1965 akaanzisha TALC, shirika lililosambaza slaidi na vitabu vya bei nafuu kwa walimu wa afya. Alifariki mwaka 2009.

Ushauri wangu unatokana na mizani. Mtoto akishavalishwa kaputula na kuning'inizwa, hurusha miguu na mshale hucheza. Subirini utulie ndipo uzito usomwe. Kisha mwombeni muuguzi aweke nukta kwenye mchoro na kuiunganisha na ya mwezi uliopita, kwa sababu namba peke yake haitoshi. Asubuhi moja niliwapima watoto wawili wa umri mmoja, wote wana kilo 8, wote wako kwenye rangi ya kijani ya kadi, yaani uzito mzuri. Mmoja alikuwa amepanda kutoka kilo 7.4, mwenzake alikuwa na kilo 8 zilezile kwa miezi mitatu mfululizo. Huyo wa pili ndiye niliyekaa na mama yake, na tulipozungumza ikajulikana kwamba tangu alipoharisha alikuwa akipewa uji mwepesi wa mahindi mtupu. Tukakubaliana mama aupike uji uwe mzito zaidi, atie karanga zilizosagwa au unga wa dagaa pamoja na kijiko cha mafuta, amlishe mara nyingi zaidi kwa siku, na asiache kumnyonyesha. Mstari ulianza kupanda tena.

Kwa hiyo msisubiri nukta iingie kwenye kijivu, yaani uzito pungufu, sembuse nyekundu, yaani uzito pungufu sana. Baada ya chanjo ya miezi 18 endeleeni kumpeleka mtoto apimwe hadi atimize miaka mitano, hata kama hakuna sindano inayomsubiri.

Kuna hali moja ambayo mstari unaweza kuificha. Maji yanayojaa mwilini nayo yana uzito, hivyo mtoto mwenye kwashakoo, utapiamlo unaovimbisha mwili, anaweza kuonekana anaongezeka. Mbonyezeni kwa kidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili, si chini zinakokanyagia, kwa sekunde chache. Kishimo kikibaki baada ya kuondoa kidole, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama kadi inaonyesha kijani.