Gari la Malindi hesabu saa zake, usiangalie kilomita tu

Ukimwaga oili gerejini, fundi hukubandikia kikaratasi kwenye kioo: rudi baada ya kilomita 5,000. Kwa gari linalolala Malindi na kushinda barabara ya Mombasa, sina ugomvi na kikaratasi hicho. Ila sisi wa teksi hatuishi hivyo. Asubuhi ni sokoni, shuleni, hospitali. Mchana umeegesha nje ya hoteli, mgeni yuko ndani anamaliza kahawa, nawe huzimi injini kwa sababu jua ni kali na anataka akute kiyoyozi kimeshapoza. Mita haisogei, oili inazidi kuchoka.

Mimi huchukulia saa moja ya kunguruma papo hapo kuwa sawa na kilomita 40 au 50 za barabarani. Ndiyo hesabu inayotumika sana kwa magari ya kazi. Kwa hiyo namwaga kila mita ikisoma kilomita 3,000, na filta mpya kila mara. Kumwaga oili ukaacha filta ya zamani ni kuoga ukavaa nguo chafu.

Injini haikai na oili safi hata ikiwa nzima. Kila petroli inapowaka, gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikibeba mafuta yasiyoungua na mvuke wa maji. Safari ndefu huipasha oili moto vya kutosha na unyevu ule ukakauka. Mwendo wa kutoka Barani hadi sokoni hautoshi. Kazi ya kuzinyonya gesi hizo ni ya vali ya PCV, kidude kidogo cha bei nafuu ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Kichomoe ukitikise: kikiwa kizima, kwa kawaida husikika kikicheza ndani. Kikiwa kimya, kimekwama, na injini yako inajipikia uchafu wake yenyewe.

Nilisimama pembeni Maweni sampu ya Probox moja ikifunguliwa. Taa ya oili ilikuwa ikiwaka kila gari likisimama, na mwenyewe alishaambiwa atafute injini nyingine. Chujio la chini, pale pampu inapofyonzea oili, lilikuwa limezibwa na tope jeusi lenye kung'aa, na ndani ya wavu zilinasa nyuzi za silikoni, ile gundi ya kuzibia sampu. Aliyefunga sampu mara ya mwisho alipaka silikoni nyingi, ikajibana ndani na kukatika. Oili ilikuwepo tele, ila haipandi. Chujio likasafishwa, silikoni ikapakwa nyembamba, taa ikazima.

Kuna wanaomimina dizeli ndani ya injini na kuiwasha ili "ioshe". Siungi mkono. Dizeli huipunguza oili uzito wakati vyuma vinasuguana, na mabonge yaliyobanduka ghafla yanakwenda moja kwa moja kwenye chujio. Afadhali oili nzuri, umwage mapema, mara kadhaa mfululizo, tope litoke polepole.

Sasa gari linalokunywa oili. Kwanza hakikisha halivuji: tandika kadibodi chini usiku, asubuhi utaona. Kisha angalia moshi. Ukitoka wa buluu unapowasha asubuhi halafu ukakatika, shuku sili za vali zinazozuia oili isishukie silindani, mpira wake umekuwa mgumu. Ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda, shuku ringi. Premio yangu ina injini ya 1ZZ, na pistoni za mwanzo za injini hizo zilikuwa na matundu madogo ya kurudishia oili. Yakiziba kwa masizi, ringi ya oili hukwama. Toyota wenyewe walizibadilisha baadaye. Na usidanganyike kwamba bila moshi gari halinywi, maana katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, huweza kuuficha.

Pima kwa kijiti, asubuhi kabla ya kuwasha, pahali tambarare. Jaza hadi alama ya juu, andika mita, kisha angalia umeongeza kiasi gani ukifika kilomita 1,000. Kuna vitabu vya magari vinavyokubali hadi lita 1 kwa kilomita hizo. Kwangu ikifika nusu lita tayari naanza kuuliza maswali. Usipitishe alama ya juu ukidhani unaliwekea akiba, kwani oili ikizidi huchapwa na krenki, ikafanya povu.

Uzito wa oili je, zile namba za kwenye mkebe? Injini iliyochoka, kwa joto letu, naona 10W-40 inafaa. 20W-50, iliyo nzito zaidi, kwenye injini ya VVT-i, ile ya Toyota inayotumia oili kubadilisha muda wa vali kufunguka, siitaki, mifereji yake ni myembamba. Tazama pia herufi za daraja la oili kwenye mkebe: SF ilitengenezwa kwa injini za mwaka 1988 kurudi nyuma, na bado ipo madukani kwa sababu ni rahisi. Tafuta SN au SP.

"Kaka, nifungue injini nibadilishe ringi?" huniuliza vijana kijiweni. Kama linakunywa nusu lita na taa haiwaki, beba mkebe kwenye buti, badilisha plagi zikichafuka, endelea na kazi. Likianza kukumaliza lita kati ya hapa na Mombasa, basi fungua, na siku hiyo mwambie fundi asafishe matundu ya pistoni, asikuwekee ringi mpya juu ya masizi ya zamani.