Maswali ya Wasomaji: Kununua Nyumba Ndogo Mtaa wa Zamani

SWALI: Nimepata nyumba ya vyumba viwili na sebule Magomeni, Mtwara Mjini, kwa shilingi milioni 22. Muuzaji ni mtoto wa marehemu mwenye nyumba. Ana karatasi ya mauziano ya baba yake yenye mhuri wa mtaa, na muhtasari wa kikao cha ukoo. Ukuta unatoa unga mweupe kwa chini. Anataka nitangulize nusu, eti korosho zimeanza kulipa na wateja ni wengi. Nifanyeje? – Mama wa watoto wawili, Chikongola

JIBU: Usitangulize hata shilingi, dada. Kikao cha ukoo hupendekeza tu msimamizi wa mirathi. Anayempa uwezo wa kuuza ni mahakama. Mwombe barua ya usimamizi, ile Fomu Na. 4 ya Mahakama ya Mwanzo, unakili namba ya shauri, kisha uende mwenyewe kwa karani uhakikishe kwamba shauri lipo, jina ni lake na uteuzi haujatenguliwa. Hata akiwa nayo, dai saini za warithi wote: mjane, mabinti walioolewa mbali, kaka aliyehamia Dar es Salaam. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Mrithi mmoja aliyerukwa anaweza kukufuata ukiwa umeshaezeka upya na kuhamia.

Karatasi ya mauziano inaonyesha kwamba baba alinunua, haionyeshi kwamba kiwanja kimesajiliwa. Ulizia ofisi ya ardhi ya Manispaa kama eneo limepimwa na lina namba ya kiwanja na kitalu. Kama lina hati, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, utaona jina la mmiliki, rehani ya benki au zuio. Kama halina, bei ishuke, maana gharama za urasimishaji, yaani kupimiwa na kupata hati, zitakuangukia wewe. Pimeni kwa tepu pande zote nne mbele ya majirani, vipimo viingie mkatabani nao watie saini. Nyumba za mitaa hii zimebanana, kwa hiyo angalia choo kimechimbwa upande wa nani, njia ya uani inapitwa na nani, na maji ya paa la jirani yanamwagikia wapi. Magomvi mengi huanzia hapo, na hakuna upekuzi unaoyaonyesha.

Sasa ukuta. Unga huo ni chumvi. Ukiishia chini, kama mita moja, ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Ukitapakaa hadi juu, shuku tofali zilizofyatuliwa kwa mchanga wa pwani. La kwanza linatibika, la pili utaishi nalo. Rangi mpya haisaidii, itabanduka tu. Bandua plasta hadi nusu mita juu ya alama, piga brashi kavu (ukiosha kwa maji, chumvi inarudi ndani), acha ukuta ukauke kiangazi kizima, ndipo upige plasta ya mchanga wa mtoni.

Chukua msumari wa inchi nne uchokoe kando ya fremu ya mlango. Ukizama kwenye udongo, nyumba ni ya miti na udongo iliyovikwa saruji. Inakalika, ila hapo unanunua kiwanja zaidi kuliko nyumba, na ulipe hivyo. Kinachotutisha zaidi ni lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha: ufa mrefu wenye madoa ya kutu maana yake nondo imevimba ndani ya zege, na plasta haiwezi kuuficha kwa muda mrefu. Panda darini na tochi, gonga kenchi (mbao zinazobeba paa), tafuta njia za mchwa. Ukiona vitundu vya mwanga kwenye bati, piga hesabu ya paa jipya: mita za mraba 80 hula bati zipatazo 40 za futi 10, na upepo wa bahari unataka bati nene la geji 28, siyo 30 ambalo ni jembamba. Gharama hiyo itoke kwenye milioni 22.

Kuhusu haraka yake, mwambie unataka kuiona nyumba ikinyeshewa. Mvua zetu zikishika, Januari hadi Machi, paa na msingi vitajieleza. Ukifika wakati wa kulipa, pesa ipite benki, mkataba usainiwe mbele ya wakili, na dalali asishike chochote.

SWALI: Nyumba ya Ligula ina hati kwa jina la mume, mke anaishi Newala. Saini yake ya nini?

JIBU: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Ridhaa iwe ya maandishi. Uhamisho hufanyika kwa Fomu Na. 29, 30 na 35, pamoja na taarifa ya uthamini. Ushuru wa stempu ni kama asilimia 1 ya thamani. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida anayopata kwa kuuza, ni ya muuzaji. Andikeni hivyo mkatabani, kwani bila uthibitisho wa TRA faili halisogei, na mnunuzi mwenye haraka huishia kuilipa yeye.

SWALI: Muuzaji anakatwa kodi ya majengo kwenye LUKU. Si uthibitisho kwamba nyumba ni yake?

JIBU: Hapana. Tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kwa anayenunua umeme, awe mwenye nyumba au mpangaji.