Mwenzangu anamwandikia mhusika wangu

SWALI: Anti, mimi na mwenzangu tunaandika hadithi ya kuigiza kwa meseji, kila mtu na mhusika wake. Mi naandika aya tatu nne, yeye ananijibu mstari mmoja ndani ya nyota, *anacheka anaondoka*. Halafu juzi kaandika eti mhusika wangu kapigwa upanga kaanguka, na mi sijasema kitu! Nimwambieje bila kumuudhi?

JIBU: Mdogo wangu, hayo ni mambo mawili, usiyachanganye. La nyota wala sio kosa, ni staili ya wanaoandika harakaharaka, kitendo kinakaa kati ya nyota na maneno ya mhusika yanabaki wazi, wengine wanapenda aya ndefu za nafsi ya tatu kama riwaya, mnakubaliana tu mapema. Ila hata mstari mmoja uwe na kitu cha kushika, swali, mlango unafunguliwa, chochote, maana "anacheka anaondoka" inakuachia wewe mzigo wote.

La upanga ndo zito. Mhusika wako ni wako. Yeye aandike "anarusha upanga kuelekea shingoni" aishie hapo, kukwepa au kuumia unaamua wewe. Mwambie nje ya hadithi, weka mabano mawili ((hivi)) ajue anayeongea ni wewe sio mhusika, na tafadhali usimlipizie kisasi ndani ya hadithi, hapo mtaharibu kabisa. Omba mrudie hiyo sehemu kabla mhusika wako hajaanguka, ni haki yako, akikataa tafuta mwingine wa kuandika naye.