Wiki ya kwanza shambani Bahati

Dada, unasema wiki nzima umehamisha miche ya sukuma wiki na kuziba banda la kuku lililokuwa linavuja, na bado unajiona hujafanya kitu kwa sababu asubuhi ulikuta miche kadhaa imelala chini. Mimi naona umefanya mengi. Banda kavu pekee litakuokolea vifaranga, hasa na baridi ya huko Bahati.

Turudi kwa miche. Ukiona shina limekatwa usawa wa udongo na majani yameachwa papo hapo, huyo ni sota, kiwavi anayekula usiku. Usikimbilie dawa. Fukua kwa kidole kando ya mche uliokatwa, sentimita chache tu. Utamkuta amejikunja, mnene, ana rangi ya udongo. Mtupie kuku. Kisha kata vipande vya boksi, uzungushie kila shina, sehemu ya chini ikizama ardhini. Majivu nayo husaidia, ila mvua ikinyesha inabidi unyunyize upya. Ng'oa magugu pia, maana nondo, yaani kipepeo wa usiku anayezaa sota, hutaga mayai humo.

Mapengo yajaze jioni, jua likishapoa, na umwagilie papo hapo. Sukuma huanza kuchumwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuhamishwa, kwa hiyo tafadhali usijihukumu kwa siku saba.

Na kabla hujaongeza kuku, muulize afisa wa mifugo wa wadi yenu kuhusu chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle. Hurudiwa kila miezi 3.