Marehemu wa ukoo wa Mushi: anza na wazee walio hai

Hongera kwa wazo ndugu yangu. Unataka kuwaandika marehemu wote wa ukoo wenu wa Mushi ila majina yanakuchanganya, nakuelewa kabisa, kwetu Wachagga mjukuu anapewa jina la babu kwahiyo unakuta watu watatu jina lilelile. Na kina Mushi wapo Kibosho wapo Machame, huko huko Kilimanjaro, sio wote wa kwenu. Kila mtu muandikie kihamba (shamba la familia la migomba na kahawa) alikozikwa, mke au mume, jina la ubatizo na alikuwa anafanya nini. Mi nilianza na shangazi yetu mkubwa, namrekodi kwa simu huku tunapita makaburini kwenye migomba, kila msalaba una stori yake, huyu ndo alikuwa anasimamia mfereji wa kumwagilia mashamba, yule kahawa yake yote alipeleka KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Wazee usiwasubirishe mpaka Desemba watu wakirudi nyumbani, nenda sasa hivi. Tarehe kahakiki kwenye vitabu vya ubatizo parokiani, muombe paroko kwa heshima. Chanzo cha kifo usiweke kwenye grupu la wasap kabla watoto wake hawajaridhia, inaumiza sana. Na wakianza kuulizana kihamba ni cha nani, simama hapohapo, hiyo ni mirathi, muone mwanasheria au nendeni Mahakama ya Mwanzo.